Weupe wa Kituo cha Saba

Shangazi yangu hakufungua ngitili yake kwa kalenda. Aliifungua kwa vipepeo.

Ngitili, kwa asiyekulia Usukumani, ni kipande cha ardhi ambacho familia hukifunga mvua zinapoanza, ng'ombe wasikanyage, nyasi na miti vijiotee, ili kiangazi kikikaba pawe na malisho ya akiba. Ya shangazi zamani ilikuwa pembezoni kabisa mwa Nyahanga. Siku hizi iko katikati, kwa sababu mji wa Kahama uliifuata na kuizunguka bila kupiga hodi. Upande mmoja kuna gesti mbili, upande wa pili kituo cha mafuta, nyuma wanafyatua matofali. Katikati ya hayo yote ilisimama migunga, mikwaju, mitundu michache mikongwe na kichaka ambacho mgeni angedhani kimesahauliwa. Hakikusahauliwa hata kidogo. Kilikuwa kimefungwa, na aliyekifunga alikuwa mjane mmoja mwenye ng'ombe kumi na mmoja na macho yaliyokuwa yakififia mwaka hadi mwaka.

Ndani ya ngitili kuna kisima cha zamani, na kando yake ni mahali ng'ombe walikonywea maji tangu enzi za babu. Tope la pale halikauki upesi. Masika vipepeo weupe hushuka juu ya tope hilo kwa mamia, wakakaa wamebanana wamekunja mabawa, wakinyonya. Shangazi alifundishwa na mama yake kwamba weupe wakiwa bado kwenye tope, lango halifunguliwi, hata ng'ombe walie vipi. Wakiondoka, nyasi zimekomaa, fungua. Basi, sheria yenyewe ni hiyo.

Macho yake yalipoingia ukungu, naye akawa mkaidi kuhusu upasuaji, kazi ya kuwaangalia weupe ilinijia mimi. Nilikuwa nikipita kwake jioni namkuta uani anapepeta mchele kwa kupapasa. Namsalimu, "Shikamoo shangazi," anaitikia, "Marahaba baba," kisha swali lake linafuata lile lile: "Wapo?" Nikisema wapo, lango linabaki limefungwa. Nikisema wameondoka, kesho yake magogo ya lango yanashushwa. Hakuwahi kumtuma mtu mwingine akahakikishe. Neno langu lilitosha.

Mimi ni fundi wa pampu. Nina banda langu barabarani ninapotengeneza mashine za kuvuta maji, na wateja wangu wengi ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, maana mashimo yao hujaa maji kuliko dhahabu. Nina hasira za karibu na mdomo usiotulia, na utani kwangu ni kama chumvi kwenye mboga. Shangazi alinilea tangu nikiwa mdogo. Baba yangu, kaka yake wa pekee, alifunikwa na duara upande wa Geita, na duara ndilo jina wachimbaji wanaloliita shimo la dhahabu. Hawakumtoa. Shangazi alirudi kutoka huko amenishika mkono, akaenda moja kwa moja hadi langoni mwa ngitili, akasema mbele ya watu kwamba sululu ya mchimbaji haitaingia pale akiwa hai. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka sauti yake. Kwa hiyo kila nitakachosimulia hapa nilikifanya nikijua.

Miaka ya karibuni alikuja mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kimoja, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana na simu iliyopasuka kioo. Alikuwa akitafuta mabaki ya misitu ndani ya miji, kuona ni vipepeo na nondo gani bado wanaishi humo. Alimwomba shangazi ruhusa kwa heshima, akapiga magoti kama inavyotakiwa, na shangazi akampenda. Kisha akatafuta mtu wa kuhesabu mara moja kwa mwezi. Shangazi akasema, "Yupo huyu, kazi hiyo anaifanya tayari."

Nikafundishwa. Njia ni moja, huigeuzi. Vituo kumi, kila kimoja kimefungwa utepe wa bluu kwenye tawi. Unatembea mwendo wa kawaida na kuhesabu walio ndani ya hatua tano kushoto na kulia, na mzuri akipita nyuma yako usigeuke, huyo si wako tena. Katika vituo viwili vyenye kivuli tulitundika mitego ya neti, na ndani yake ndizi zilizooza zilizolowekwa kwenye pombe ya kienyeji. Walioingia humo walikuwa na mikia miwili na tabia za walevi hasa. Ukiwatoa wanakukalia mkononi, hawataki kwenda nyumbani. Kwa nondo nilipita asubuhi kituo cha mafuta, kabla dada anayefagia hajawazoa. Taa za pale ziliwavuta kutoka kwenye ngitili usiku kucha, na asubuhi walikuwa wamelala sakafuni kama makapi: wengine wakubwa kama kiganja, wenye macho ya kuchora kwenye mabawa. Yule dada aliwachukia. Kila nikifika aliniuliza takataka zile zina faida gani.

Wengi hatukuwa na majina yao. Mtaalamu alikuwa na majina yake ya kitabuni ambayo ulimi wangu uliyakataa, kwa hiyo tukabatiza wetu: Mikia Miwili, Jani Kavu, Ncha Nyekundu. Weupe wakabaki weupe. Kituo chao kilikuwa cha saba, pale kwenye tope, na kwenye daftari langu kituo cha saba kilijaza safu nzima wakati vituo vingine vina alama mbili tatu.

"Wanakunywa chumvi," mtaalamu alinieleza siku moja, tumechuchumaa karibu na tope. "Ng'ombe wenu wamekojoa hapa miaka na miaka. Hawa ni madume, wanakusanya chumvi wawapelekee majike."

"Kumbe na wao wanahonga," nikasema.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanionyesha paa za bati pande zote. Akasema Jani Kavu hawezi kuvuka zile. Hajui pa kwenda. Kichaka hiki kikivunjwa, hatahamia kwingine. Atakwisha tu. Maneno hayo yaliniingia kuliko nilivyoonyesha, na nikaanza kuihesabu kazi ile kuwa yangu kweli. Nilijivuna nayo, tuseme ukweli. Nilizoea kulitembeza daftari kama mwalimu mkuu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu makosa yalianzia hapa. Katika nchi ya dhahabu, mtu anayetembea mstari mmoja ulionyooka, mwezi hadi mwezi, akiandika namba kwenye daftari, na ambaye amefunga utepe kwenye miti, huyo anatafuta dhahabu. Hakuna maelezo mengine. Watafiti wa makampuni wanatembea hivyo hivyo, wanafunga utepe hivyo hivyo, na baada yao huja mashine ya kuchoronga. Hata mtoto wa hapa analijua hilo. Mimi niliyezaliwa hapa nililisahau kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa vipepeo.

Mwenye duara mmoja, mteja wangu wa siku nyingi anayechimba kando ya njia ya Bugarama, alikuja kuchukua pampu yake. Mtu mpole, mnene kidogo, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilikuwa chini ya mashine nakaza boliti ya mwisho. Yeye akalichukua daftari langu juu ya meza, akalifungua.

"Fundi, hii ni ramani ya nini?"

"Vipepeo."

"Vipepeo." Akafunua kurasa. Nilisikia kidole chake kikipita kwenye karatasi. "Na hiki kituo cha saba? Mbona namba zake kubwa hivi?"

Ningeweza kumweleza habari ya chumvi. Ilikuwa dakika mbili tu. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikaona nimchokoze.

"Cha saba ndiko iliko mali yenyewe," nikasema kutoka chini ya mashine. "Inang'aa, lakini ukiinyatia vibaya inakukimbia."

Nilicheka peke yangu. Wachimbaji wanaamini dhahabu hukimbia. Ukienda kwake na ugomvi, au umemdhulumu mwenzako, inahama usiku na kukuachia mawe. Ila kwake haukuwa utani. Masikioni mwake nilikuwa nimesema neno la mtu anayejua. Nilipotoka chini ya mashine alikuwa ameliweka daftari mahali pake, limenyooka kabisa na ukingo wa meza. Akalipa, akanishukuru mara mbili, akaondoka bila soga. Huyo mtu hakuwahi kuondoka kwangu bila soga.

Mwezi uliofuata utepe wa kituo cha saba haukuwepo. Nikajiambia ni upepo. Ila upepo haufungui fundo, na chini palikuwa na alama za mabuti ya mpira, zimezunguka tope pande zote. Weupe walikuwepo kama kawaida. Niliwahesabu haraka haraka, nikatoka. Jioni ile shangazi aliponiuliza, nilijibu wapo, na ilikuwa kweli.

Mwezi mwingine nikakuta shimo.

Lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tope, upana wa mlango, kina chake kimo cha mtu. Kuta zake zilikuwa zimechongwa vizuri, kazi ya mtu anayejua kazi yake. Hilo ndilo shimo la kupima: unashuka, unachukua udongo wa chini, unauosha kwenye karai uone kama kuna chochote. Kando palikuwa na manyoya ya kuku mweusi na majivu, kwa hiyo mganga naye alikuwa ameshaletwa. Na juu ya lundo la udongo mbichi walikuwa wamekaa weupe. Walikuwa wameliacha tope lao na kuhamia kwenye ule udongo, wamebanana, wakinyonya kwa utulivu. Sijawahi kuwaogopa wadudu maishani, lakini siku ile niliwaogopa.

Nilisimama pale nikiwa na mambo mawili ya kuchagua. La kwanza, kwenda kwa shangazi na kumwambia: wameingia, na walioingia nimewaita mimi kwa mdomo wangu. La pili sikulifikiri sana, mikono ilianza yenyewe. Nilikata fito za mgunga kwa panga, nikazilaza juu ya shimo, nikatandika nyasi, nikasawazisha udongo, nikamwagia majani juu. Nilipomaliza, hata mimi nilihitaji kutazama mara mbili. Niliona nimefanya jambo la busara. Nilisema moyoni, wamepima, wamekosa, hawatarudi, na mama wa watu hana haja ya kuumizwa roho bure.

Wiki hiyo hiyo yule mwenye duara alifika kwa shangazi na kreti la soda na doti ya kitenge. Aliongea naye Kisukuma cha ndani kabisa, akamwita mayu, yaani mama, akauliza kama angekubali wenzake wachache waangalie tu lile eneo la kisima. Shangazi alimrudishia kitenge mkononi na kumwambia soda awape walinzi wa gesti. Jioni nilipofika alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani. Hakuuliza kama weupe wapo.

"Umewaambia nini watu wa machimbo?"

"Sijawaambia kitu, shangazi."

"Mbona anasema mwanangu ndiye mpimaji?"

"Watu wa machimbo wana maneno. Wanaona daftari wanadhani mambo mengine."

Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, macho yakiwa meupe kidogo katikati. Akasema, "Haya baba," akaniuliza kama nimekula. Nilikula ugali wake na mlenda.

Rashi iliingia siku ya Jumatatu asubuhi. Rashi ndiyo mafuriko ya wachimbaji mahali panapovuma dhahabu, na mtu asiyeiona asidhani natia chumvi. Nilikuwa nafungua banda langu nikaona pikipiki zinapita moja nyuma ya nyingine, kila moja na watu watatu na sululu zimefungwa kwa mpira. Nikajua zinakokwenda kabla sijauliza. Nilipofika, ua wa upande wa kituo cha mafuta ulikuwa umelala chini na watu walikuwa wameshagawana ardhi kwa kamba. Wengine walikuwa wakikata migunga kwa ajili ya matimba, zile nguzo za kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Mama mmoja alikuwa ameshaweka jiko, anachoma chapati chini ya mtundu uliokuwa na mtego wangu. Neti ilikuwa kichwani mwa kijana mmoja, ameivaa dhidi ya nyuki.

Nilipiga kelele. Nilipanda juu ya lundo la udongo na kuwaambia ni vipepeo, ni chumvi, ni mikojo ya ng'ombe. Walicheka sana. Mmoja akasema, "Fundi anatukataza ili abaki nalo peke yake," na yule mwenye duara, aliyekuwa ndani ya shimo jipya hadi kiunoni, aliniinamia kichwa kwa heshima, kama mtu anayemshukuru aliyempa siri. Kila nilivyokana ndivyo walivyochimba kwa nguvu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akasimama, akapiga simu, akaondoka. Na juu ya vichwa vya watu weupe walikuwa wanazunguka, wanashuka, wanapaa tena, hawaoni pa kutua.

Shangazi alikaa langoni siku zote tatu. Lango lilikuwa bado limefungwa, magogo yote mahali pake, ingawa watu walipita pembeni huku na huku kama maji. Alikuwa anasikiliza. Mti ukianguka alikuwa anautaja kwa sauti ndogo: mkwaju wa kaskazini, mgunga wa njia panda. Hakukosea hata mmoja. Siku ya tatu jioni aliniuliza, "Wapo?"

"Hawapo, shangazi."

Siku ya nne maofisa walikuja kuwatoa, lakini hakukuwa na wa kutolewa. Usiku kulikuwa kumevuma habari za mahali pengine upande wa Geita, na kwenye tope la shangazi hakuna aliyepata hata chembe. Waliondoka walivyokuja. Waliacha mashimo, chupa za maji, na zile kamba zao za mipaka.

Nilifunga banda langu kwa muda nikafanya kazi ya adhabu. Nilikata miiba na kuzungushia kila shimo ua wake, moja baada ya jingine, mikono ikavuja damu na sikuvaa glavu kwa makusudi. Nilimpigia mtaalamu simu. Akasema nisiache kutembea mstari, ule ule, vituo vile vile, hata kama hakuna kitu. "Sufuri nayo ni hesabu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Nikatembea. Jani Kavu hakuwepo, kwa kuwa kivuli hakikuwepo. Mikia Miwili nilimwona mmoja, amekaa juu ya ganda la ndizi la wachimbaji, bawa limechanika. Kule kituo cha mafuta yule dada alinipokea kwa furaha. "Siku hizi hawaji sana wale wadudu wako," akasema, "nafagia dakika tano tu namaliza." Nikaandika na hilo. Kituo cha saba niliandika sufuri, mwezi ule na mwezi uliofuata. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha na kuotesha nyasi hata juu ya udongo uliofukuliwa, na ukitazama kutoka barabarani ungedhani msitu umepona.

Kiangazi kikafika. Ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Shangazi alingoja kuliko miaka yote, nadhani akitumaini weupe watarudi ili waondoke kama inavyostahili. Mwishowe asubuhi moja aliniita.

"Wapo?"

"Hawapo, shangazi. Hawajarudi."

"Nyasi?"

"Zimebaki upande wa kisima na nyuma ya gesti. Zinafaa."

"Na mashimo?"

"Nimeyazungushia miiba."

"Yote?"

"Yote."

Naapa niliamini ninachosema. Nilikuwa nimeyahesabu, nilikuwa nimeyaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari, kila shimo na mahali pake. Lile moja halikuwa kwenye orodha yangu, maana halikuonekana. Nilikuwa nimelifunika vizuri mno, fito zikawabeba hata wachimbaji waliopita juu yake, na mvua ilikuwa imeotesha nyasi juu yake.

Tulishusha magogo. Shangazi aliingia kama alivyozoea kuingia tangu macho yamwache: mkono wa kushoto juu ya mgongo wa ng'ombe kiongozi, jike kubwa lenye kengele na pembe moja iliyopinda, na mkono wa kulia kwenye fimbo. Wengine kumi walifuata, nami nikawa nyuma ya wote na daftari kwapani, kwa kuwa ilikuwa siku ya hesabu pia. Ng'ombe yule hakuhitaji kuongozwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tope lake la chumvi, alikoramba kila kiangazi cha maisha yake, akapita kati ya nyua mbili za miiba nilizojenga mimi, na shangazi pembeni yake akitembea bila wasiwasi. Nakumbuka niliona utepe wa kituo cha sita, umechakaa. Nakumbuka niliwaza kwamba kinachofuata ni cha saba.

Nikapiga kelele. Nilikuwa nimechelewa.

Kengele ililia mara moja tu. Kulikuwa na mlio wa fito kukatika, halafu kishindo kizito chini ya ardhi, halafu pumzi ya mnyama, ndefu, iliyotoka mara moja na haikurudi ndani. Shangazi alikuwa amesimama kwenye ukingo. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimepita ukingo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umenyooka hewani, pale mgongo ulipokuwa.

Nilimvuta nyuma kwa nguvu, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi. Yeye alijinyanyua, akapapasa chini kwa fimbo mpaka akafika ukingoni, akachuchumaa. Akaokota ufito mmoja uliovunjika. Akaupitishia kidole gumba kwenye ncha, pale panga lilipokata. Akaokota wa pili, akafanya vile vile. Akagusa udongo, nyasi zilizokauka chini yake, majani.

"Wachimbaji hawafuniki," akasema.

Akaupindua ufito mkononi.

"Wachimbaji wanaacha wazi. Hili limefunikwa na mtu mwenye muda."

Ng'ombe wengine walikuwa wamesimama nyuma yetu kimya, hakuna aliyekula. Nilifikiri uongo wowote ninaoweza kuupata na sikuupata, au niliupata na nikauchoka.

"Ni mimi, shangazi."

"Lini?"

"Kabla hawajaja."

"Kabla ya siku niliyokuuliza?"

"Kabla."

Alibaki amechuchumaa, ufito mkononi. Nikamwambia yote: daftari juu ya meza, utani wangu chini ya mashine, utepe uliopotea, kuku mweusi. Nilimwambia nilivyowaona weupe wamekaa juu ya udongo wa shimo. Nililia kama mtoto, nami ni mtu mwenye mvi. Hakunikatiza, hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Daftari unalo hapo?"

"Ninalo."

"Andika na huyu."

Nikafungua ukurasa. Kituo cha saba. Kwenye safu ya weupe nikaandika sufuri, na pembeni yake, kwa mwandiko ambao mpaka leo siutambui, nikaandika: ng'ombe mmoja. Nikamsomea, kwa sababu alisubiri nimsomee. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akajikung'uta majani kwenye kanga.

Nikamnyooshea mkono nimrudishe nyumbani, nikausogeza mpaka ukagusa wake. Akautoa wake taratibu. Akatembea hatua mbili tatu, ameunyoosha mbele, akipapasa hewa, mpaka akafika kwa ng'ombe wa pili. Akamwekea mkono mgongoni, akamwambia twende.